Debe Moja ni Sado Ngapi?

MWALIMU: Mwangaluka, wasikilizaji. Leo tulipanga kuzungumzia hatua tatu za kuandaa masomo kwa mada. Ila kwanza nieleze ya Jumatatu, maana Mama Kulwa ameninunia tangu aone daftari la mwanafunzi wangu mmoja.

MAMA KULWA: Simulia yote, usiruke.

MWALIMU: Alfajiri nilipita soko la Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, nikaazima debe zima la dagaa kwa mama mmoja muuzaji, pamoja na sado yake, lile kopo la kupimia. Nikaingia navyo darasa la tatu. Wiki nzima mada ni dagaa: Hisabati, Sayansi, Jiografia, Kiswahili, kote dagaa. Swali la kwanza wala sikuliuliza mimi. Binti mmoja kaniambia, "Mwalimu, mbona baba wiki hii analala nyumbani?" Darasa zima likamjibu: mbalamwezi! Dagaa hufuata taa ya mvuvi kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote linang'aa, taa haiwavuti tena. Basi nikawaambia kila mtoto achore mwezi usiku huo, na kesho yake, na keshokutwa. Wamechora siku nne, unavyoliwa kidogo kidogo.

MAMA KULWA: Hapo sina neno, Mwalimu, hapo umefundisha. Njoo kwenye debe.

MWALIMU: Nikauliza, debe la lita 20 linatoa sado ngapi za lita 4? Kijana mmoja, mama yake anauza dagaa, akaandika nne kwenye daftari lake. Nikampa pata.

MAMA KULWA: Ishirini gawanya kwa nne ni tano!

MWALIMU: Nilimwita mbele apime. Akajaza sado, halafu akauzungusha mkono wa kushoto mdomoni mwa kopo, kama anamkumbatia mdogo wake, akaendelea kumimina mpaka kilima kikasimama. Sado ya nne ilipotoka, debe lilibaki na vumbi na vichwa vya dagaa tu.

MAMA KULWA: Hiyo ni lumbesa.

MWALIMU: Si lumbesa.

MAMA KULWA: Lumbesa ni nini kama si kilima? Marehemu baba aliuza viazi vyake kwa gunia lililoshonewa kofia juu, bei ileile ya gunia la kawaida. Kile kilima ndicho kilichokuwa ada yangu. Wakala wa Vipimo wanahangaika nayo mpaka leo, wewe unaiwekea pata!

MWALIMU: Pole, Mama Kulwa. Lakini gunia lile mnunuzi alimlazimisha mkulima. Huku muuzaji ndiye anayejaza, na bei yake ameshaihesabia kilima.

MAMA KULWA: Nani kakwambia ameihesabia? Umemuuliza?

MWALIMU: Mtoto wake ameihesabia. Ameandika nne.

MAMA KULWA: Mtoto huyo mwakani anakaa kwenye upimaji wa kitaifa wa darasa la nne. Swali lile halina mkono wa kukumbatia kopo. Ataandika nne, atakosa, na hutakuwepo kumtetea.

MWALIMU: Kwa hiyo nimfundishe kwamba anachokiona kila siku kwa mama yake ni kosa?

MAMA KULWA: Mfundishe lita. Mada ikimeza somo, mtoto anabaki na hadithi ya dagaa bila hesabu. Hata wenzetu Uganda, ng'ambo ya ziwa, walioanza mtaala wa mada mwaka 2007, ni wa darasa la kwanza mpaka la tatu. La nne wanaanza kurudi kwenye masomo.

MWALIMU: Na wangu ni wa darasa la tatu! Yule kijana hajawahi kunyoosha kidole tangu Januari. Jumatatu alisimama mbele ya watoto tisini akapima. Nikimpa kosa siku ile, hanyooshi tena.

MAMA KULWA: Msifu kwa kupima. Jibu ni tano.

MWALIMU: Jibu la debe lile ni nne.

MAMA KULWA: Mwalimu...

MWALIMU: Fundi anatuonesha saa, zimebaki sekunde chache, na hatua tatu hatujagusa hata moja.

MAMA KULWA: Zitasubiri. Lile daftari niletee Jumatatu nilisahihishe.

MWALIMU: Silileti, Mama Kulwa.