Pole, Wake, Mate: Watoto Wetu na Kusoma Kiingereza katika Shule za Umma za Marekani

Shikamooni wazee wangu, na habari za mchana kwenu nyote. Kina mama mliotoka zamu ya usiku mkapitiliza hapa kabla hamjalala, asanteni sana. Sitawachosha.

Nina miaka 11 nafundisha Kiingereza katika shule za umma hapa Marekani. Majuzi mama mmoja alinisimamisha nje ya duka la vyakula, uso umejaa furaha. Akaniambia, "Mwalimu, siku hizi kwangu ni Kiingereza tu. Kiswahili nimekipiga marufuku." Nikamuuliza, sasa wewe na mwanao mnazungumza nini? Akanyamaza. Kisha akasema, "Hatuzungumzi sana."

Alishauriwa hivyo na mtu wa shuleni, mtu mwenye nia njema. Lakini nasema mbele yenu nyote: ushauri ule ni mbaya, na anayeumia ni mtoto, tena katika kusoma kwenyewe. Ndiyo maana nimeomba nafasi ya kusema leo.

Mtoto aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili hakuja Marekani mikono mitupu. Amekuja na ba, be, bi, bo, bu. Kiswahili ukishazishika silabi zake umeshazishika. Hata neno usilolijua maana utalitamka sawasawa. Kiingereza kina herufi 26 na sauti zipatazo 44, kwa hiyo herufi moja inabebeshwa mizigo mingi, na nyingine zinakaa kimya kabisa.

Nilikuwa na mwanafunzi wa miaka tisa, mzaliwa wa kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma. Karatasi iliyomtangulia kwangu ilisema hajui kusoma. Nikaandika ubaoni maneno matatu: pole, wake, mate. Akayasoma yote bila kusita, kisha akacheka. "Mwalimu, pole ya nini?" Nikamwambia, umesoma vizuri kabisa, umesoma Kiswahili. Sasa herufi hizi hizi tuzisome Kiingereza. Ya kwanza ni mlingoti, ya pili ni kuamka, ya tatu ni mwenzi, na kila moja inatamkwa kwa mkupuo mmoja. Ile e ya mwisho imenyamaza, lakini haijakaa bure: inaiambia irabu iliyotangulia itaje jina lake lenyewe la Kiingereza. Mtoto akaukodolea macho ubao. Halafu akachukua kalamu, akaandika name, home, like, akakata kila e ya mwisho kwa kistari chembamba, akasoma. Yote matatu sawa.

Mtoto yule alikuwa anajua kusoma tangu siku ya kwanza. Mwalimu asiyejua Kiswahili alimsikia akisema na-me, li-ke, akaandika sifuri. Mimi nikisikia na-me najua papo hapo kwamba herufi anazijua, sauti anaziunganisha, na kilichobaki ni kumfundisha kanuni za nyumba nyingine. Hata akisoma knife akaitamka ile k, msimcheke. Waingereza wa kale waliitamka. Ulimi ndio uliokuja kuiacha, maandishi yakabaki nayo.

Kuna jambo jingine mnapaswa kulijua. Kwa miaka mingi shule nyingi za nchi hii ziliwafundisha watoto kukisia: ukikwama kwenye neno, tazama picha, tazama herufi ya kwanza, bahatisha. Mtoto aliyezaliwa kwenye Kiingereza anaweza kubahatisha akapata, maana neno lenyewe analo kichwani. Mtoto wetu anaiona picha ya maji, neno ni pond, herufi ya kwanza ni p, naye kichwani ana neno ziwa. Atakisia nini? Mwaka 2000 jopo la kitaifa la wataalamu lilitoa ripoti kubwa iliyosisitiza kufundisha sauti na herufi kwa utaratibu, pamoja na msamiati, ufasaha na ufahamu. Shule nyingi zilichelewa kusikia. Mississippi, jimbo lililozoeleka kushika mkia, lilipitisha sheria ya kusoma mwaka 2013, likawafundisha walimu wake upya, na kufikia mwaka 2019 darasa lake la nne lilikuwa limeufikia wastani wa nchi nzima. Kwa hiyo mkikutana na mwalimu wa mtoto, ulizeni: mnamfundisha sauti za herufi, au mnamfundisha kukisia? Ni swali la heshima, na mwalimu mzuri atalifurahia.

Sasa nirudi kwa yule mama. Kuunganisha sauti ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuelewa, na mtoto huelewa kwa vile vitu alivyokwisha kuvijua. Mtoto aliyeelezwa na bibi yake kwa Kiswahili jinsi mvuke unavyopanda kutoka ziwani ukarudi kama mvua, akifika darasani jambo lenyewe analijua. Anadaiwa neno la Kiingereza tu. Asiyeelezwa kitu kwa lugha yoyote anadaiwa vyote viwili. Na ninyi mliosoma Kongo mna akiba nyingine, Kifaransa. Tangu Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kimebeba maneno ya Kifaransa kwa maelfu, hasa yale ya vitabuni. Baba uliyeishia darasa la sita Uvira, nation na important unayafahamu tayari, mwonyeshe mwanao. Mpigieni hadithi. Sungura na fisi, safari yenu, jinsi mlivyopika, jinsi mlivyolima. Mkisema kwa lugha mnayoimudu, mnasema kwa urefu, kwa sababu na matokeo, na huko ndiko insha inakotoka.

Niseme kidogo juu ya haki zenu, maana nchi hii haina wizara moja inayopanga mtaala kama tulikotoka. Kuna wilaya za shule zaidi ya 13,000, nyingi zikiwa na bodi iliyochaguliwa na wananchi, na mikutano ya bodi ni ya wazi. Mnaruhusiwa kuingia.

Siku ya kuandikisha mtoto mtapewa fomu inayouliza lugha ya nyumbani. Wengi mnaandika Kiingereza mkiogopa mtoto atarudishwa nyuma. Andikeni Kiswahili! Jibu hilo ndilo linalofanya apimwe, na akionekana anahitaji msaada, apewe. Haki hiyo ina historia: mwaka 1974 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, wapatao 1,800, waliokuwa wamekalishwa madarasani bila msaada wa lugha. Mahakama ikasema kumpa mtoto kitabu kile kile na mwalimu yule yule si usawa, ikiwa haelewi kinachosemwa.

Mkalimani nanyi mnaye kwa sheria, bila kulipa senti. Madhara ya kutomwita niliyaona kwa macho yangu katika shule moja, sitaitaja. Baba amekaa, mwalimu amekaa, na binti wa miaka 12 ndiye anayetafsiri ripoti yake mwenyewe. Mwalimu anasema kwa Kiingereza kwamba binti yuko nyuma miaka miwili katika kusoma. Binti anamgeukia baba: "Anasema naendelea vizuri, baba." Baba akamshika bega, akampongeza. Binti akainamisha kichwa, akaanza kuzungusha kifungo cha sweta yake mpaka kikakatika. Mimi nilikuwa mgeni pale, msaidizi tu, na sikusema kitu. Nimeijutia kimya ile. Simlaumu binti, walimbebesha mzigo usio wake. Simu ya mkalimani ilikuwa ofisini, hatua chache tu kutoka pale.

Nimeona wengi wenu mmekuja na bahasha za shule mikobani, nyingine hazijafunguliwa. Meza ile ya dirishani tumeiandaa kwa kazi hiyo, na walimu wenzangu wawili wanaojua Kiswahili wapo. Chai bado inachemka. Tuanze na mliotoka zamu, mkapumzike.