Bahasha Saba za Mama Mmoja

Asanteni sana. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini, na mnaonijua mnajua zitakavyokwenda. Nianze na zile bahasha za pesa za kigeni. Aliyekwisha kuzisikia anivumilie. Si kosa langu kwamba watu bado wanazifunga.

Nilikuwa karani wa fedha kwenye meli za watalii kwa miaka mingi. Safari ninayoisema ilikuwa ya bandari za kaskazini mwa Ulaya: Norwe, Denmark, Uswidi, Finlandi, Estonia, Latvia, tumalizie Polandi. Siku ya pili mama mmoja akaja kaunta, akafungua mkoba, akatoa bahasha saba. Kila moja ina jina la nchi kwa wino mwekundu, na ndani noti zimehesabiwa, zimefungwa mpira. Alikuwa amejipanga kuliko nahodha.

Nikazipanga kaunta. Finlandi, euro. Estonia, euro. Latvia, euro. Nikamwambia, "Mama, hizi tatu ni pesa ile ile." Akanitazama kana kwamba nataka kumpunja. "Najua," akasema, "lakini za Latvia sitaki ziliwe Estonia."

Mnacheka. Basi cheki bahasha nyingine nne, ndiko alikoumia. Tatu zina kroni. Kroni ya Norwe, ya Denmark na ya Uswidi ni pesa tatu mbalimbali, kila moja na thamani yake, zimechangia jina tu. Sasa ingia kwenye sarafu. Ya Norwe ya kroni tano ina tundu katikati. Ya Denmark ya kroni tano nayo ina tundu katikati. Tulipofika Copenhagen mama alikuwa na chenji ya Norwe imebaki, akaichanganya kwenye pochi moja na ya Denmark, akasimama mbele ya muuza kahawa anageuza sarafu moja moja kwenye mwanga huku foleni inapumua mgongoni. Za Uswidi hazina tundu, ungedhani huko angepona. Huko shida ikawa noti. Alikuwa amezinunua kwa jirani yake aliyesafiri zamani, na Uswidi ilibadilisha noti zake kuanzia 2015. Za kroni mia na mia tano za zamani zilikoma kutumika mwezi Juni 2017. Muuzaji alimrudishia kwa heshima zote, mikono miwili.

Bahasha ya Polandi haikufunguliwa kabisa. Siku ile mvua ilinyesha, mama akabaki melini anacheza karata.

Usiku wa mwisho akarudi kwangu na mabaki. Noti nilimbadilishia. Sarafu sikuweza, na maduka mengi ya fedha hayagusi sarafu za kigeni. Hata hizo noti, fanyeni hesabu wenyewe. Tuseme duka linakata sita kwa mia unaponunua na sita kwa mia unaporudisha. Umetoka na mia moja, umerudi na themanini na nane na ushei, na hujanunua hata kadi ya posta! Umelipia kuzitembeza pesa.

Nikamuuliza alilipa nini kwa noti katika bandari zote saba. Akahesabu kwa vidole: choo, bakshishi ya mtembeza wageni, zile kahawa, na kofia ya sufu sokoni. Vingine vyote alilipa kwa kadi. Ndiyo hoja yangu, na nimeisema mpaka mke wangu anaimalizia: usihesabu nchi, hesabu vitu utakavyolipia mkononi. Meli inatia nanga asubuhi, inang'oa jioni. Chakula kimo melini, umeshakilipia. Soda na vinginevyo vya melini vinaandikwa kwenye akaunti yako, kwa fedha moja tu, ya meli yenyewe, hata mkiwa mmefunga gati nchi gani. Ukishatoa hayo, kwenye bandari nyingi kinachobaki hakijazi kiganja. Na Uswidi utakuta duka limebandika tangazo mlangoni kwamba halipokei noti kabisa, ziwe mpya ziwe za jirani.

Najua kuna mtu pale nyuma anasema moyoni, "Na kadi ikikataa?" Itakataa, tena siku ya Jumapili. Kwa hiyo beba kadi mbili za benki mbili tofauti, moja iache kwenye kisanduku cha chumbani. Na beba fedha moja yenye nguvu kwenye njia hiyo, euro kwa Ulaya, dola ya Marekani kwa Karibea, katika noti ndogo ndogo. Noti ya mia ukimpa dereva wa teksi, umempa tatizo, naye atakurudishia tatizo kwa chenji ya kwao.

Mwingine anasema, "Euro si zinapokelewa kila mahali?" Zinapokelewa, kwa bei ya kubadilishia anayoipanga muuzaji mwenyewe akiwa amesimama. Kwa kahawa, lipa uende zako. Kwa zulia, nenda kwanza kwenye mashine ya benki.

Na mashine zenyewe, hapa ndipo damu yangu inachemka. Unachomeka kadi, kioo kinakuuliza kwa adabu kabisa: ulipe kwa fedha ya hapa, au kwa fedha ya kwenu? Ya kwenu unaijua, moyo unatulia, kidole kinabonyeza. Umeliwa. Hapo umemruhusu mwenye mashine akubadilishie kwa kiwango chake, na kwa kawaida ni kibaya kuliko cha benki yako. Chagua fedha ya mahali ulipo, kila mara. Nimeona watu waliobishana nusu saa kwa ajili ya kofia, kisha wakabonyeza kitufe hicho bila hata kusoma.

Naonyeshwa dakika tatu. Mbona mapema hivi? Haya, mbio mbio. Bahari ya Adriatiki imekuwa rahisi: Kroatia imeingia kwenye euro tangu Januari 2023, na Montenegro wanatumia euro ingawa si wanachama wa Umoja wa Ulaya. Moroko na Tunisia, dirhamu na dinari zao ni za kutumia huko huko. Badilisha kidogo, tunza risiti. Gibraltar, pauni yao ni sawa na ya Uingereza kwa thamani, lakini usiipeleke noti yao dukani London.

Karibea ilitakiwa kuwa nusu ya mhadhara, basi. Martinique na Guadeloupe ni Ufaransa, kwa hiyo euro. Kwingineko, dereva akikwambia "dola arobaini," usipande kabla hujauliza dola ya nani. Ya Barbados, mbili ndiyo moja ya Marekani. Ya Karibea Mashariki imefungwa kwenye 2.70 kwa moja ya Marekani tangu 1976. Arobaini hiyo inaweza kuwa chini ya kumi na tano, na ukikaa kimya utalipa arobaini kamili za Marekani, naye hatakusahihisha.

Bakshishi za mabaharia nimeziruka, mtaniuliza mlangoni.

Ndiyo, dada, umenyoosha mkono tangu kwenye matundu. Zile sarafu? Aliniachia mimi, zote. Nimezitia uzi, zinaning'inia jikoni. Za Norwe na za Denmark, mpaka leo zimechanganyika.