Wazo Halienei Kama Mafua

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliokosa viti mkakaa kwenye ngazi, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie namna ya kujifunza modeli za mawakala, zile programu ambamo tunaumba watu wa kubuni, tunampa kila mmoja kanuni zake chache, tunawaunganisha, kisha tunawaacha waendeshane wenyewe tuone jamii yao itaelekea wapi. Historia yake sitaieleza. Schelling, yule mchumi aliyehamisha sarafu kwenye ubao mwaka 1971 kuonyesha jinsi majirani wanavyojitenga, mnamjua. Nakwenda moja kwa moja kwenye jambo linalonikera, na walionisikia kabla ya leo wanajua ni lipi.

Naletewa tasnifu za namna moja. Mwanafunzi anataka kuchunguza jinsi wazo linavyoenea: chanjo, uzazi wa mpango, mbegu mpya, uvumi. Anafungua NetLogo, programu ya kuundia modeli hizi, anaingia kwenye maktaba yake ya modeli, anachukua ile ya virusi kwenye mtandao. Anafuta "ameambukizwa", anaandika "ameamini". Anabonyeza kitufe, mchoro unapanda vizuri, sura ya nne imekamilika. Siku ya utetezi namuuliza swali moja tu: nani alikuambia kwamba binadamu anakubali jambo kwa njia ileile anayopatia mafua? Anatazama sakafu.

Mafua hayasubiri ridhaa yako. Mtu mmoja akipiga chafya kwenye daladala, yametosha. Lakini mama anayeshawishiwa kujiunga na VICOBA, aweke akiba yake kwenye sanduku linalolala nyumbani kwa mtu mwingine, mshawishi mmoja hamtoshi. Anamsikiliza, anaitikia "sawa dada, nimekusikia", anaendelea na shughuli zake. Wifi yake akiingia, anaanza kuulizauliza. Jirani wa ukuta kwa ukuta naye akigawiwa fedha zake mwisho wa mzunguko, na yeye akaziona kwa macho, hapo ndipo anaponunua hisa ya kwanza. Habari alikuwa nayo tangu siku ya kwanza. Uamuzi ndio uliokuwa unasubiri watu. Idadi hiyo ya watu anaohitaji kuwaona kabla hajakubali ndiyo tunayoiita kizingiti, na mwanasosholojia Mark Granovetter aliifanyia kazi mwaka 1978, kwa hiyo hakuna mwenye udhuru kwamba ni jambo geni.

Chukueni kalamu. Bila hesabu, niliyosema yatabaki kuwa maneno tu.

Chora mduara wa watu 20, uwape namba 1 hadi 20. Kila mtu anawajua wanne: wawili wa kulia kwake na wawili wa kushoto. Mtu wa 3, kwa mfano, anawajua 1, 2, 4 na 5. Tuanze na waumini wawili, namba 1 na namba 2. Kwanza tumia kanuni ya mafua: ukimjua muumini mmoja, raundi inayofuata nawe umeamini. Hesabu polepole. Raundi ya kwanza wanaingia 3, 4, 19 na 20. Kila raundi inaongeza wanne, ya mwisho wawili waliobaki. Kwa raundi 5 mduara wote umekwisha.

Sasa hamisha viungo viwili tu. Mtu wa 3 aachane na 1, badala yake ajuane na 12 kule ng'ambo. Mtu wa 20 aachane na 2, ajuane na 10. Rudia kanuni ileile ya mafua. Safari hii raundi 3 zinatosha, maana wazo limepata njia za mkato. Matokeo hayo ndiyo mliyofundishwa, ya watafiti Watts na Strogatz, mwaka 1998: viungo vichache vya mbali vinaifanya dunia kuwa ndogo. Ni kweli, na sina ugomvi nao.

Sasa badilisha kanuni, mduara usiuguse. Rudi kwenye mduara wa mwanzo, na useme mtu anaamini pale tu anapowajua waumini wawili. Raundi ya kwanza anaingia 3, kwa sababu anawajua 1 na 2. Anaingia na 20, kwa sababu hiyohiyo. Wa 4 bado, anamjua 2 peke yake. Ataingia raundi ijayo, 3 akishaamini. Wazo linatembea mtu mmoja kila upande, na kwa raundi 9 limemfikia kila mtu. Ni polepole, lakini linafika.

Hamisha vile viungo viwili, vilevile kama mwanzo. Wa 3 sasa anamjua muumini mmoja tu, namba 2. Wa 20 anamjua mmoja tu, namba 1. Wa 4 anamjua mmoja, wa 19 mmoja. Wa 10 na wa 12 hawamjui muumini yeyote. Nani anaingia raundi ya kwanza? Hakuna. Ya pili? Hakuna. Wazo limekufa mikononi mwa watu wawili walioanza nalo, na waliobaki 18 hawajabadilika hata mmoja.

Tazameni karatasi zenu vizuri. Watu ni walewale, idadi ya marafiki wa 3 na wa 20 ni ileile, waanzilishi ni walewale. Viungo viwili vilivyoharakisha mafua vimeliua wazo. Nasisitiza kwa sababu kuna kampeni zinazopangwa kana kwamba tofauti hii haipo. Tangazo linapigwa redioni, mabango yanawekwa barabara kuu, msanii mkubwa analipwa, kisha dodoso linaonyesha karibu kila mtu amesikia na tabia iko palepale. Wanahitimisha kwamba wananchi ni wagumu kuelewa. Nakataa! Wananchi wameelewa. Kilichokosekana ni mtu wa pili. Waanzilishi wenu wawili mkiwaweka 1 na 11, kila mmoja ng'ambo yake, kwa kizingiti cha wawili hata mduara mzima usioguswa hautampata muumini wa tatu, kwa sababu hakuna mtu anayewajua wote wawili. Huko ndiko kugawa wahamasishaji "kwa usawa", mmoja kila kata.

Najua kuna atakayesema: Mwalimu, huo ni mduara wa watu 20 kwenye karatasi, binadamu halisi wako nje. Vizuri. Damon Centola, ambaye pamoja na Michael Macy aliandika nadharia hii mwaka 2007, hakuishia kwenye kompyuta. Mwaka 2010 alichapisha jaribio lenye watu halisi 1,528 waliojiunga na jumuiya ya afya kwenye intaneti. Kila mmoja alipewa "wenzake wa afya" bila kuchagua, na idadi ya wenzake ilikuwa sawa katika makundi mawili yaliyolinganishwa. Tofauti ilikuwa mpangilio tu: kundi moja wenzako wanajuana wao kwa wao, kundi jingine wametawanywa ovyo. Kwenye ujirani ulioshikamana tabia iliwafikia karibu asilimia 54 ya watu, kwenye ule uliotawanywa asilimia 38. Tena ilienea kwa kasi zaidi ya mara nne. Waliopata taarifa kutoka kwa mwenzao wa pili walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kujiunga kuliko waliopata ya mmoja tu.

Na atakayesema hayo ni ya Marekani, nampeleka Nyanza Kusini, hapo Kenya. Kohler, Behrman na Watkins walichapisha mwaka 2001 utafiti wao kuhusu wanawake wa huko na uzazi wa mpango. Hawakuishia kuuliza "unazungumza na nani". Waliuliza pia kama hao unaozungumza nao wanajuana. Wakakuta kwamba mahali penye biashara nyingi, mtandao unafanya kazi zaidi kwa kumpa mwanamke maarifa. Mahali ambapo soko halijachangamka sana, unafanya kazi zaidi kwa shinikizo la wenzake, kwa kukubalika. Ni wilaya moja na uamuzi ni uleule, lakini kanuni ni mbili. Sasa wewe uliyechukua modeli ya virusi, umeandika ipi kati ya hizo?

Kuna pingamizi jingine, na hili naliheshimu zaidi: ukicheza na vizingiti unaweza kupata jibu lolote unalotaka. Ni kweli, unaweza. Granovetter alionyesha ukali wa jambo hilo. Chukua watu 100 kwenye umati, vizingiti 0, 1, 2, hadi 99. Wa 0 anavunja dirisha, wa 1 anamfuata, wa 2 anawafuata hao wawili, mpaka wote 100 wanafanya ghasia. Sasa yule mwenye kizingiti cha 1 mpe cha 2. Anavunja mtu mmoja, basi, wengine wanamtazama. Wastani wa umati haujabadilika kwa kiasi cha kuonekana, ila habari itakayoandikwa kesho yake ni nyingine kabisa. Kwa hiyo siwaruhusu mchague kizingiti kimoja mkakiacha. Badilisheni, rudieni mara mia, mara elfu, na mwonyeshe matokeo yote, pamoja na yale yanayoiangusha hoja yenu. Mchoro mmoja mzuri kutoka kwenye zoezi moja sio ushahidi. Na vizingiti vitafutwe kwa kuuliza watu, kama walivyofanya Nyanza. Havipatikani kwa kubuni saa nane za usiku kabla ya tarehe ya kuwasilisha.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kuzungumzia modeli za Hegselmann na Krause, ambamo watu wanasikilizana tu kama maoni yao tayari yanakaribiana, nitayaacha. Nilitaka pia kusema juu ya kufanana: marafiki wawili wakifanya jambo moja, usikimbilie kusema mmoja amemshawishi mwenzake, huenda walifanana ndipo wakawa marafiki. Coleman na wenzake walisema madaktari wa Illinois waliambukizana matumizi ya tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria; mwaka 2001 Van den Bulte na Lilien walirudi kwenye takwimu zilezile, wakaingiza matangazo ya kampuni za dawa kwenye hesabu, na athari ya kuambukizana ikatoweka. Someni zote mbili.

Kuhusu zana, msinisumbue sana. NetLogo ni ya bure. Uri Wilensky aliiandika mwaka 1999, na mtu asiyewahi kuandika programu anaweza kuanza nayo. Mwenye kujua Python, lugha ya kuandikia programu, atumie Mesa, zana yake ya modeli hizi. Lakini kompyuta ni hatua ya tatu. Kwanza andika kwa Kiswahili cha kawaida, sentensi mbili au tatu, mtu mmoja anaamuaje. Mpelekee mtu aliyewahi kufanya uamuzi huo, umsomee, asikie kama ndivyo. Hatua ya pili ni mduara wa karatasi. Wanaoruka hatua hizi mbili hawaoni kosa lao, kwa sababu programu itakimbia tu, iwe kanuni ni ya kweli au ya uongo.

Kazi ya wiki ijayo ni hii. Mduara wa watu 20 uleule, kizingiti cha wawili, ila waanzilishi sasa ni watatu: 1, 2 na 3. Tafuteni idadi ndogo kabisa ya viungo vya kuhamisha ili asipatikane muumini wa nne, kwa mkono, bila kompyuta. Kisha nusu ya watu wapeni kizingiti cha 1 na nusu cha 2, mniambie ni nani wa kuanza naye. Karibuni kwa maswali, tuanze na dada aliyeinua mkono tangu nilipotaja VICOBA.