Mtoto wa Wiki Nane Tumboni Anategemea Tairoidi ya Nani?

Hii nimeisema hapa Kisumu mara nyingi na nitaisema tena. Mama anafika kliniki mara ya kwanza mimba ina miezi mitano, alikuwa anakunywa dawa ya tairoidi, ile tezi ya shingoni inayotoa homoni, na akaiacha juu jirani alimwambia itadhuru mtoto. Halafu naulizwa, "Daktari, kwani mtoto hana tezi yake?" Anayo, lakini inaanza kushika ayodini, madini ya kutengenezea homoni hiyo, wiki ya 10 hadi 12 hivi, na homoni ya maana inakuja karibu wiki ya 16 hadi 20. Kabla ya hapo ubongo unajengwa na nini? Na homoni ya mama, hakuna ingine.

Na hiyo ya mama haipiti hivi hivi. Kondo la nyuma ni kama forodha pale Busia, kila mzigo lazima uguswe. Kuna enzaimu inaitwa D3, kazi yake ni kung'oa ayodini kwa T4, homoni kuu ya tairoidi, ibaki kitu hakina nguvu, na T3, homoni yake ya pili, nayo inavunjwa. Mtasema, sasa mbona mwili uharibu kitu mtoto anahitaji? Juu ikizidi pia inamuumiza, kondo linapima. Lakini mama akiwa na kidogo tangu mwanzo, ikishavunjwa hivyo kunabaki nini? Na msiniambie ati basi haimfikii mtoto kabisa, hiyo ilijibiwa 1989 huko Uholanzi, madaktari walipima damu ya kitovu ya watoto waliozaliwa bila uwezo wowote wa kutengeneza hii homoni na wakapata T4 imo, chini ya kawaida lakini imo, halafu ikaisha baada ya wiki chache. Ilitoka wapi kama si kwa mama?

Kwa hivyo anayetumia dawa ya tairoidi akijua tu ana mimba aende apimwe wiki hiyo hiyo, asiiache, wengi huhitaji dozi iongezwe robo au zaidi. Na jameni, zile tembe za kuongeza damu, madini ya chuma yanashika dawa ya tairoidi tumboni haiingii vizuri, ziachane masaa manne, mkimpa mama mwambieni.

Chumvi nipitie haraka: mjamzito anahitaji mikrogramu 250 za ayodini kwa siku, mtu mzima wa kawaida 150, chumvi ya dukani imeshawekwa, mkebe ufunikwe na usikae kando ya jiko. Rovu na kunyonyesha ni siku ingine, mwenye swali la dozi abaki.