Neva Inayopima Inachomwaga

Ndugu wasikilizaji, habari za moyo kwenda mbio na mboni kupanuka mnazijua, sizirudii. Nasema lile ninalolisema kila nikipewa nafasi: neva ya simpathetiki, ile inayouandaa mwili kwa hatari, haimwagi noradrenalini, kemikali inayobeba ujumbe wake, ikaishia hapo. Inapima ilichomwaga.

Itazameni kwa karibu. Ikiufikia mshipa wa damu, neva hii ina vinundu vingi kama shanga kwenye uzi, na kila kinundu kimejaa vifuko vya noradrenalini. Msukumo wa umeme ukifika, milango ya kalsiamu hufunguka, kalsiamu huingia, kifuko huungana na utando na kumwaga. Lakini vinundu vilivyo vingi havimwagi kitu! Kwa msukumo mmoja, nafasi ya kinundu kumwaga ni kama 1 kwa 100.

Nani anauzuia mmwago huo? Mwaka 1957 Brown na Gillespie walichochea neva za bandama la paka wakapima damu inayotoka humo. Walipoziba kwa dawa vipokezi vya alfa, yaani sehemu za seli zinazopokea noradrenalini, noradrenalini iliongezeka sana. Wakadhani vipokezi vya misuli ndivyo vilivyokuwa vikiimeza. Miaka ya 1970 Langer, Starke na wenzao wakaonyesha kwamba vipo vipokezi juu ya neva yenyewe: noradrenalini ikivigusa, kalsiamu hupungua kuingia, na mmwago hushuka. Ndivyo tunavyoviita alfa-2.

Najua kuna atakayesema: dawa zile zilizuia tu noradrenalini isirudishwe ndani ya neva. Hoja hii imenichosha, maana jibu lipo tangu zamani. Ndani ya vifuko mna pia kimeng'enya kinachoitengeneza noradrenalini. Neva haiwezi kukirudisha ndani kikishatoka. Vipokezi vilipozibwa, nacho kiliongezeka. Kwa hiyo kilichopanda ni mmwago wenyewe, si mabaki yaliyokosa pa kurudi.

Muda unakwisha. Wapo wengine pia wanaougusa mmwago: angiotensini, homoni inayopandisha shinikizo la damu, na vipokezi vya beta-2, aina nyingine iliyo juu ya neva, huuongeza. Asetilikolini na prostaglandini E2, nazo kemikali za mwili, huupunguza. ATP na neuropeptidi Y, kemikali zinazotoka pamoja na noradrenalini, naziruka, ingawa zinastahili siku yao.

Ila hili wanaoandikia watu dawa wasiondoke bila kulisikia. Fentolamini, dawa ya kuziba vipokezi vya alfa, huziba cha misuli na cha neva pia, kwa hiyo noradrenalini hububujika na moyo hudunda zaidi. Prazosini, dawa nyingine ya aina hiyo, huziba cha misuli, ikakiacha cha neva kiendelee na kazi yake.