Tuongee springi kwanza: viwanda vya magari Kenya na kilichovimaliza

Asalaam aleikum. Na ambao salamu yenu ni Bwana asifiwe, Bwana asifiwe. Haya tukae tuanze, wenye ukumbi washanambia saa kumi na moja wautaka ukumbi wao.

Naona watu wa klia na fowadi, wa kutoa mizigo bandarini, mumejaa hapa mbele, na wa mayadi ya kuuzia magari pia wako, vizuri sana, nyinyi ndio niliowataka haswa maana kila nikiongea mambo haya nyinyi ndio hunijia juu. Historia siirudii. Mwajua tangu miaka ya 70 tulikuwa na viwanda vitatu vya kuunganisha magari, hiki chetu cha AVA Miritini hapa Mombasa, Leyland kule Thika ambayo siku hizi yaitwa KVM, na General Motors Nairobi, na mwajua serikali ilikuwa na hisa kwa vyote vitatu, na mwajua mwanzoni mwa miaka ya 90 yale masharti ya leseni na pesa za kigeni za kuagizia magari yakalegezwa, magari ya mitumba yakaanza kushuka, kwanza yale ya kupitia Dubai halafu ya Japan moja kwa moja. Hayo kila mtu ayasema. Mimi nataka kuongea kuhusu springi, yale mabapa ya chuma yanayobeba uzito wa gari.

Ndio, springi, usicheke kijana.

Gari la kuunganishwa likifika Kilindini halina sura ya gari. Laja kwa makreti, bodi vipande vipande, injini peke yake, giaboksi peke yake. Kiwandani ile bodi yachomelewa, yatumbukizwa kwenye dawa ya kuzuia kutu, yapigwa rangi, ndio yaingia laini kuvalishwa. Sasa zamani wenye viwanda waliambiwa, kuna vitu hamtavileta kwa kreti, hivi mtanunua hapa hapa nchini: springi, betri, tairi, vioo, viti, egzosi, rangi, waya za umeme. Mtu akiisoma orodha hiyo aona ni vitu vidogo, hata wabunge walikuwa wakiona hivyo, wao walitaka gari zima lenye jina la Kenya. Lakini uundaji wa magari ulikuwa ndani ya hiyo orodha! Pale Miritini watu walikuwa wakifunga, na kufunga ni kazi, siidharau, lakini kule kwa springi watu walikuwa wakiunda.

Springi ya lori waiundaje? Bapa la chuma lakatwa, latobolewa katikati, lapashwa moto mpaka liwe jekundu, lakunjwa kwa kipimo, latumbukizwa kwa mafuta lipoe ghafla, halafu lapashwa tena kwa moto mdogo kwa sababu ukiliacha vile litavunjika kwenye shimo la kwanza. Hapo kwenye kupasha mara ya pili ndipo fundi hujulikana. Nilikuwa na jirani Changamwe alifanya kazi hiyo, sitataja karakana ya nani, mzee yule aliangalia tu rangi ya chuma akajua moto umetosha. Kijana akikaa chini ya mtu kama huyo miaka michache, amejifunza springi na pia jembe la trekta, na trela, na kila kitu cha chuma kinachobeba uzito. Basi viwanda vikapunguza oda, karakana ikaacha kuchukua vijana wapya, mzee akabaki na wenzake wa rika lake, wakastaafu mmoja mmoja, na yeye mwenyewe akatoka hana hata mmoja wa kumwachia. Hakuna gazeti lililoandika siku hiyo kwamba kiwanda kimefungwa, maana hakuna geti lililofungwa.

Kwa hiyo mukinambia Vitz moja, kile kigari kidogo cha mtumba cha Toyota, ikishuka bandarini imechukua nafasi ya gari moja tu la Miritini, nasema hapana, hesabu vizuri. Imeshuka na tairi zake, betri yake, viti, vioo, waya zote, rangi imeshapigwa. Kila mmoja wa wale waliokuwa kwenye orodha amepoteza kitu. Akiuza vichache, bei ya kila kimoja yapanda kwa sababu mashine na umeme alipa vile vile, bei ikipanda mwenye kiwanda cha magari alalamika springi ya Kenya ni ghali, aomba ruhusa alete ya nje, akipewa ruhusa yule wa springi ndio amekwisha kabisa. Na akishakwisha, yule wa kuunganisha naye hana sababu ya kuwa Kenya ila ile tofauti ya ushuru kati ya gari la makreti na gari lililokamilika.

Najua mtu hapa ashaanza kunung'unika, magari si yamejaa barabarani, tairi si zanunuliwa zaidi kuliko zamani? Zanunuliwa. Firestone walianzisha kampuni yao ya tairi Nairobi mwaka 1969, ndio baadaye ikawa Sameer, zile tairi za Yana, nyote mwazijua. Mwaka 2016 walisimamisha kutengeneza pale Nairobi. Na mwaka huo Mombasa Road ilikuwa tupu? Haikuwa tupu hata kidogo. Mwenye gari akienda dukani ataka tairi ya bei ya chini siku hiyo, na za kutoka nje zilikuwa zimejaa za bei ya chini. Magari kuwa mengi barabarani na nchi kuunda magari ni mambo mawili tofauti, nimelisema hili mpaka sauti yakauka na bado mtu akisimama bungeni ahesabu namba za usajili.

La pili mutakalonambia ni hili, mzee, bila mitumba mimi ningemiliki gari? Usingemiliki, na wala sikuambii tufunge bandari. Magari ya zamani yalikuwa ghali kweli na sababu moja ni kwamba viwanda vitatu vilikuwa vikigawana soko dogo halafu kila kimoja chaunganisha aina chungu nzima, hizi chache, zile chache, huwezi kushusha bei hivyo. Hilo lilikuwa kosa la sera na lisemwe. Lakini pia mujue kwa nini Mjapani auza gari zuri hivyo kwa bei ile. Kwao gari jipya laenda ukaguzi wa lazima baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi wenyewe ni pesa, kwa hiyo watu wengi waona afadhali waliuze. Sisi tukaweka sheria yetu kwamba gari la mtumba lisizidi miaka minane, ikakaa sawasawa na hapo. Mwaka 2019 ilipozungumzwa kupunguza hiyo miaka, hapa Mombasa kelele zilifika mbinguni, na miaka ikabaki minane. Nyinyi mulilinda riziki yenu, nawaelewa, mimi nauliza tu nani alisimama upande wa yule wa springi.

Na ukitaka ushahidi kwamba Mkenya aweza, usiende mbali, tazama matatu ya abiria 33. Chesisi ni Isuzu, imeunganishwa Nairobi, ile bodi yote, mbavu, mabati, viti, madirisha, imejengwa na mafundi wetu. Kazi hiyo imebaki hai kwa sababu chesisi yaja bila bodi. Kazi ilibaki kwa hiyo watu walibaki, na watu wakibaki ujuzi wabaki.

Si sisi peke yetu, maana kuna wanaopenda kusema ni uvivu wa Mwafrika. Australia walikuwa wakiunda gari lao, Holden, tangu 1948. Ushuru wa magari kutoka nje ulikuwa asilimia 57.5 miaka ya 80, wakaushusha kidogo kidogo mpaka 5 mwaka 2010. Ford wakatangaza kuondoka Mei 2013, Holden Disemba mwaka huo huo, Toyota Februari 2014. Kwa nini mbio hivyo? Kwa sababu kampuni zile tatu zilikuwa zikinunua spea kwa watengenezaji wale wale, akiondoka mmoja, mtengenezaji wa spea hawezi kuishi na oda za waliobaki. Kufikia Oktoba 2017 kote kumefungwa. Hao ni matajiri, wana chuma chao wenyewe cha kuchimba! Ni springi zile zile nilizowaambia.

Saa yaenda. Nilitaka kuongea juu ya Nyayo Pioneer ya 1990, lile gari lililoundwa hapa Kenya, nitasema moja tu, wale wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walifanya kazi kubwa na hawastahili kuchekwa, gari lilitembea, kilichokosekana ni pesa za kuunda mengi. Mobius pia nilitaka, ile kampuni ya kuunda magari hapa Kenya, mulisikia 2024 walivyotangaza kufilisika kabla ya kupata mnunuzi, hiyo siku nyingine. Ushuru wa gari lililokamilika kuwa asilimia 35 tangu 2023, mimi naunga mkono, lakini ushuru peke yake wamsaidia mwenye kiwanda na hausemi lolote kuhusu springi.

La mwisho na hili ni la sasa hivi. Mabasi ya umeme yashaanza kuunganishwa hapa nchini, na ya kwanza kwanza yalipita Miritini. Sote twashangilia, na mimi nashangilia. Lakini makubaliano yanaandikwa sasa, misamaha ya kodi yatolewa sasa, na sijaona orodha. Viti nani ashona? Waya nani afunga, vioo, springi? Basi la umeme nalo lina springi. Nyinyi mulio na wabunge wenu kwenye simu, wapigieni muwaulize orodha iko wapi na ni ya lini, na mukijibiwa kwamba italetwa baadaye muwaambie hapana, iandikwe kabla msamaha haujatiwa sahihi.