Aliyepoteza Usemi Hajapoteza Akili

Ndugu wasikilizaji, mwaka 1861 daktari Mfaransa, Paul Broca, alimpokea mgonjwa ambaye karibu kila alipofungua kinywa ilitoka silabi moja tu: "tan". Hospitalini walimwita Tan, basi ikawa jina. Lakini alielewa mengi aliyoambiwa, na akiulizwa idadi alijibu kwa vidole. Alipofariki, ubongo wake ulikutwa na jeraha upande wa kushoto, kwa mbele. Jina lake lilikuwa Leborgne. Nalitaja kusudi.

Hali hiyo ni afasia, yaani lugha kuharibika kwa sababu ubongo umeumia, na mara nyingi huletwa na kiharusi. Haina sura moja. Mwaka 1874 daktari Mjerumani, Carl Wernicke, alieleza wagonjwa wa namna nyingine kabisa: maneno yanatiririka, maana haishikiki, na kuelewa wengine ni kazi. Wapo pia ambao lugha yao ni nzima, ila misuli ya ulimi na midomo imelegea. Huyo watu humdhania mlevi!

Kigugumizi nacho kimesingiziwa mengi. Mara nyingi huanza kati ya miaka 2 na 5, zaidi kwa wavulana, na hutembea ndani ya familia. Woga hukizidisha, haukizai. Sasa tazama: mtu anaanza, "Nataka k-k-k..." Msikilizaji anadakia, "Kalamu?" Yeye alitaka kuondoka. Anapokea kalamu ili yaishe. Na ule ushauri wa "tulia, vuta pumzi" humwongezea mzigo tu.

Kuhusu majina: "bubu", "taahira", tuyaache. Kiziwi anayetumia lugha ya alama ana lugha kamili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006 unaitambua hivyo. Viziwi wengi hujiita viziwi bila kinyongo, kwa hiyo muulize mwenyewe anapenda aitweje. Ila, kwa maoni yangu, maneno mazuri hayatoshi ikiwa bado unamuuliza aliyemsindikiza, "Anaumwa wapi?", na mwenyewe ameketi mbele yako.

Mtazame yeye. Uliza swali moja, subiri. Mpe karatasi achore au aandike, au uliza la ndiyo na hapana. Usipomwelewa, mwambie hujamwelewa. Ukitikisa kichwa huku umepotea, anakuona.